Jeneza Ng'ambo ya Korongo

Huku kwetu, kwenye miteremko ya Meru upande wa kwenda Momela, mvua inayokumaliza haikunyeshei wewe. Inanyesha juu msituni, mahali usipopaona, na wewe huku chini umeanika maharage juani. Halafu korongo, ambalo jana mbuzi walikuwa wanalala ndani yake, linaanza kunguruma. Niliwahi kusimama Daraja Mbili, mjini, jua kali, mwavuli nimeukunja kwapani, nikaangalia mto ukipita na kochi la mtu na kuku wamesimama juu ya bati. Watu waliwacheka wale kuku. Mimi sikucheka, maana bati lile lilikuwa na mwenyewe, na sikumwona.

Kwa hiyo mtu akiniambia mvua ni baraka, huwa namwangalia tu. Siku ya kumzika Baba niliambiwa hivyo mara nyingi mno.

Baba alifia hospitali mjini, katikati ya masika. Alikuwa ameondoka nyumbani asubuhi na kaka yangu kwenda kupima presha tu. Mama alikuwa zizini anakamua. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini ng'ombe wake aliwajua kwa mikono. Baba alimwambia kwa sauti kutoka kwenye gari kwamba atarudi jioni, naye akaitikia bila kuinuka, kwa sababu ng'ombe yule akiachwa katikati hupiga ndoo teke. Hawakuonana tena. Na kwetu mjane haendi mochwari. Anakaa ndani, kwenye godoro, anasubiri mwili uletwe nyumbani, jeneza lifunguliwe, amuage mumewe kabla ya watu wengine. Msiba mzima Mama hakuomba kitu kingine. "Nitamwona akija," alikuwa anasema.

Asubuhi ya mazishi mlima haukuwepo. Kwa kawaida hata ukijifunika unaiona miguu yake, lakini siku hiyo kulikuwa na weusi mtupu kuanzia migomba ya juu hadi mbinguni. Majirani walichimba kaburi kihambani kwetu, kati ya migomba na kahawa, huku wakiinua macho kila mara. Kwanza ulikuja upepo. Uling'oa turubai la msiba na nguzo zake ukalitupa juu ya kahawa, ukailaza migomba pamoja na mikungu yake. Ikafuata mvua ya mawe. Ilipiga bati hadi mchungaji, aliyekuwa ndani anatuombea, akanyamaza katikati ya sala akasubiri. Migomba iliyobaki imesimama ilibaki na nyuzi tu. Shangazi yangu, dada yake Baba, akanisogelea sikioni.

"Ni baraka hiyo, mwanangu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini naye alikuwa amefiwa.

Mvua ilipopungua tukalisikia korongo. Sauti yake si ya maji, ni ya mawe yanayogongana. Linapita chini kidogo ya nyumba yetu, na njia ya gari hulivuka kwa daraja dogo la zege. Nilipofika, daraja halikuonekana. Maji ya kijivu, mazito kama uji, yalishuka na magogo na miti mizima yenye mizizi. Ng'ambo, gari lililombeba Baba lilikuwa limesimama, taa zikiwaka mchana.

Kaka yangu, aliyeufuata mwili mjini, akanipigia simu. Ilibidi apaaze sauti ingawa tulikuwa tunaonana.

"Hapa hapavukiki," alisema. "Mlete Mama. Tutamfungulia Baba hapa hapa, amwone."

Nikarudi kwa Mama nikamweleza. Alinyanyuka. Nikamshika mkono tukashuka kwenye utelezi, barafu ikiwa bado imelala kwenye nyasi.

Ng'ambo walilitoa jeneza wakalisogeza hadi ukingoni kabisa, ili Baba awe karibu. Kaka na wanaume wengine wakaliinua upande wa kichwa, wakafungua kifuniko. Niliuona uso wa Baba kwenye kitambaa cheupe, mdogo kuliko nilivyouzoea, nikaanza kulia.

"Unamwona, Mama?"

Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Bonge la udongo likamegeka chini ya miguu ya kaka yangu likaanguka majini, na upande ule hakuna aliyeshtuka, wote walikuwa wanamtazama Mama. Ndipo akainua mkono, akapunga taratibu. Akauweka kifuani, akapunga tena. Wenzetu wakafunika jeneza, wakarudi nyuma. Muda si mrefu, pale walipokuwa wamesimama pakaenda na maji.

Jioni maji yalishuka hadi kiunoni. Wakavuka wameshikilia kamba, jeneza mabegani. Kaburini mlikuwa na maji; watu waliyachota kwa ndoo, nayo yakarudi. Huko juu kulikuwa kumeanza kunguruma upya. Mchungaji akauliza kama mwili upelekwe ndani kwanza, mjane aage.

"Ameshaaga," kaka akasema. "Alimpungia."

Watu wakaitikia. Mama aliangalia chini. Baba akashushwa kwenye matope, na udongo wa kwanza ulilia kama unatupwa dimbwini. Sauti hiyo naichukia mpaka leo.

Masika yaliyofuata nilikuwa nyumbani. Tulikaa barazani, mlima umejifunika, korongo limeanza.

"Sikumwona," Mama akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Niliona kitu cheupe tu. Nikakaza macho nikidhani atatokea. Halafu nikasikia udongo unaanguka pale alipokuwa kaka yako, nikapunga ili watoke."

Nikamuuliza kwa nini hakusema ile jioni, jeneza lilipofika.

"Kaburi lilikuwa linajaa. Na kaka yako alikuwa ameshafarijika kwamba amenionyesha. Ningemwambiaje kwamba alisimama pale bure?"

Nilikasirika, na bado nimekasirika, sijui na nani. Sote tulijua macho yake yana ukungu. Hakuna aliyeuliza umefika wapi. Baadaye tulimpeleka akafanyiwa upasuaji, na sasa anawaona hata mbuzi walio ng'ambo ya korongo, anakuambia yupi ni wa nani.

Kaka huja na wanawe kila Krismasi. Mawingu yakitanda huwasimulia habari za siku ile, namna walivyoliinua jeneza, namna ukingo ulivyokatika wakiwa wameshatoka. Kisha humgeukia Mama.

"Ila angalau Baba ulimwona."

"Nilimwona, mwanangu," Mama husema. "Nilimwona vizuri."