Niliigandisha dawa ya mama chini ya sambaza

Wakuu, salamu kutoka Goma. Hasara kwanza: mirija minne ya krimu, na wiki tatu za mguu wa mama kuwaka moto. Nimehesabu mara mbili. Sitii chumvi.

Volkano ilitukimbiza, na mama akarudi nyumbani na fangasi mguuni. Dawa zote zikashindwa. Waasi walipokuwa wanausogelea mji, Mama Josiane, mfamasia wa mtaa wa Himbi, akatupatia krimu ya aina mpya.

"Papa Salumu, iweke kwa baridi. Baridi kidogo."

Mimi ni mtu wa soko la Birere. Ukiniambia kidogo, najua ndiyo kwanza unaanza bei.

Kwetu umeme ulikuwa umekatika. Nikaenda Keshero kumbembeleza muuza samaki mwenye friza ya sola. Akanipa kona chini ya sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu. Mirija ikaganda kama jiwe. Nikajipongeza.

Mama alipopaka ile iliyoyeyuka, akaruka.

"Mutoto yangu, hii ni dawa ao pilipili?"

Nikamwambia dawa kali ndiyo inayoponya. Akavumilia wiki tatu, maskini.

Mrija wa mwisho nikampelekea Mama Josiane kwa hasira. Akaukamua: maji huku, mafuta kule.

"Uliigandisha?"

"Niliilinda."

"Uliiua, papa."

Akanieleza. Ndani ya krimu kuna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Kuta zake ni za jamii ya sabuni isiyo na chaji ya umeme, ndiyo maana haiichokozi ngozi. Huongezwa kolesteroli (ndiyo, ile ile tunayokatazwa hospitali) ili ukuta usivuje haraka. Dawa hukaa humo, ikitoka polepole na kuzama ndani. Ikiganda, barafu inapasua kuta na dawa inamwagika kwa mkupuo: juu inachoma, chini haifiki. Ukiiyeyusha, kuta hazirudi.

Nilichojifunza: kuna vitu ukiongezewa ndiyo umepunjwa.

Ametupatia mrija mpya, nimeuweka ndani ya mtungi wa udongo wenye ubaridi. Mama hataki hata kuuona. Ameshatangaza kwa wanawake wa msikitini kwamba Mama Josiane ni mwizi. Na mguu umeanza kuvimba.

Habari ya friza mama haijui. Nilimwambia dawa ilikuwa mbovu tangu dukani.

Mrija upo, mguu upo, katikati nimesimama mimi. Wakuu, mliowahi kumdanganya mama mkarudi kusahihisha, mlianza na neno gani?