Ngazi ya Nje

Luboš Vrba alikuwa ametimiza miaka minne Hanoi na bado alikuwa haelewi. Si kwamba alikuwa mjinga. Mtu anayenusa kiganja cha kimea na kukwambia kimekaushwa saa moja zaidi ya inavyotakiwa, huyo si mjinga. Lakini mji ulimshinda. Alikuwa amejizoesha kutabasamu kwanza na kuitikia ndiyo, halafu jioni, akiwa amekaa kitandani anavua soksi, ndipo anapong'amua amekubali nini. Safari moja aling'amua kwamba amekubali kuimba harusini kwa watu asiowajua hata majina. Akaenda, akaimba, akapigiwa makofi, na mpaka leo hajui bwana harusi alikuwa yupi kati ya wale vijana watatu waliovaa suti nyeupe.

Alitoka Ucheki, kwenye mji mdogo wa mashamba ya hopsi, ule mmea unaoipa bia uchungu, akaletwa na mwenye ukumbi mmoja wa bia aliyetaka bia ipikwe kama inavyopikwa kwao. Chumba alikipata kwa bahati. Bwana Khải, mwenye nyumba, alikuwa amefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha viatu hukohuko Ucheki enzi za ujana wake, na Kicheki chake kilikuwa bado kipo, ingawa kilikuwa Kicheki cha wanyapara, cha kantini na cha matusi. Kiliwatosha. Mkewe, Bi Thoa, aliuza wali wa kunata kila asubuhi kwenye mdomo wa kichochoro. Mtoto wao Vinh na mkewe Hạnh walikaa ghorofa ya pili.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba na ndefu kama zilivyo za kwetu zote. Bwana Khải alipoamua kupangisha ghorofa ya juu kabisa, aliufunga kwa kufuli ule mlango wa ndani wa huko juu, akausukumia kabati kwa upande wake, kisha akamwita fundi wa kuchomelea amtengenezee ngazi ya chuma ya nje, inayoshuka moja kwa moja hadi kichochoroni. Mpangaji apite zake, wenyewe wapite zao. Luboš aliizoea ngazi ile, mlio wake na kidato chake cha tano kilicholegea, na hakuwahi kuuona upande wa pili wa mlango ule.

Siku zake za kazi zilifanana. Siku yake hasa ilikuwa Jumapili. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Bwana Khải alipiga honi ya pikipiki mara mbili pale chini, Luboš akashuka mbio, akapanda nyuma na kupakata tundu lililofunikwa kitambaa chekundu. Ndani ya tundu alikuwemo ndege aina ya shore, kipenzi cha Bwana Khải kuliko ndugu zake kadhaa. Walikwenda bustanini kando ya ziwa, ambako wazee walitundika matundu yao kwenye waya mmoja, wakaketi chini yake na chai chungu, wakasikiliza ndege wakiimba. Miaka minne Luboš aliuliza swali lilelile: ameshinda nani? Na Bwana Khải akamjibu vilevile, kwani anashindana nani?

Kisha walirudi nyumbani kwa Bi Thoa kula tambi za mchele na nyama ya kuchoma. Kando ya jokofu palikuwa na kigoda chekundu cha plastiki, na kigoda hicho kilikuwa cha Luboš. Vinh akikikalia kwa kusahau, mama yake alimwinua. Mkataba wa kwanza ulipokwisha na watu wa kwao wakamuuliza kwa nini harudi, alitoa sababu nyingi za kazi. Ukweli ni kwamba hakurudi kwa ajili ya kigoda kile.

Mwezi wa kumi na moja mama yake Luboš alifariki. Alikwenda, akazika, akarejea baada ya wiki akiwa hana mtu kule tena. Siku ya pili Bi Thoa alipanda ngazi ya chuma akihema, kabeba rafu ndogo ya mbao, akaipigilia ukutani, akaiweka picha ya marehemu, chungwa moja na kikombe cha vijiti vya ubani, akamwonyesha namna ya kuviwasha. Luboš, ambaye kwao hata kanisani alikuwa haendi, akawa anawasha kimoja kila asubuhi. Alimweleza mama yake habari za hali ya hewa.

Mwaka mpya wa kwetu ulipokaribia, nyumba ilijaa hofu iliyochanganyika na furaha, maana Hạnh alikuwa mjamzito wa miezi sita. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka kabla ya hii. Humo ndani hata milango ilifungwa polepole. Jioni ya kuamkia sikukuu Bi Thoa alimpandishia Luboš sinia: kuku wa kuchemsha na mkate wa wali wa kunata uliofungwa majani. Akamwambia kesho apumzike, alale mpaka mchana, wala asijisumbue kushuka, watakuja wenyewe kumwita. Mtu wa kwetu angeshaelewa hapo kwamba anaombwa kwa heshima akae mbali. Luboš alisikia ukarimu tu.

Akaamka saa kumi na mbili. Mji ulikuwa kimya kuliko alivyowahi kuusikia, hakuna pikipiki, hakuna kipaza sauti cha mtaa, na moyo wake ukafurahi kweli. Akawaza: watu hawa wamenifanyia mengi, leo niwe wa kwanza kuwaamkia, kabla ndugu hawajajazana. Akavaa suti yake nyeusi, ileile aliyozikia, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Akachukua chupa ya pombe ya plamu aliyotoka nayo kwao. Akashuka ngazi ya chuma, akaukuta mlango wa mbele umeegeshwa, akausukuma, akatia mguu ndani na kuwatakia heri ya mwaka mpya kwa sauti ya mtu aliyeifanyia mazoezi wiki nzima.

Bi Thoa alibaki na birika mkononi. Hạnh aliweka mikono yote miwili tumboni. Bwana Khải alicheka, kicheko kirefu kisicho na raha, akamkaribisha, akammiminia chai, na wote wakakaa wakimtazama akinywa. Luboš naye akatabasamu, kama kawaida yake.

Saa mbili kamili akatokea Bwana Đạt, mwenye duka la mabomba la mtaa wa pili, mnene, mcheshi, baba wa watoto wawili wa kiume, amevaa tai nyekundu na kushika tawi la maua. Alipomwona Mzungu kakaa na kikombe, alisimama mguu mmoja ndani, mwingine nje. Akamtazama Bwana Khải. Bwana Khải akatazama sakafu.

Jumapili iliyofuata honi haikulia. Luboš alikaa kwenye kidato cha tano na viatu vyake mpaka jua likawaka. Jumapili ya pili aliisikia pikipiki, lakini haikuwashwa. Ilisukumwa kwa mkono, taratibu, mpaka nje ya kichochoro. Hilo lilimuuma kuliko tusi. Akaanza kuchambua makosa yake usiku na mchana: labda ni ile pombe, labda alikalia kiti cha mkubwa, labda alikunywa chai haraka. Asubuhi moja alipokwenda kununua wali alimuuliza Bi Thoa waziwazi.

"Dada, nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu, mdogo wangu," Bi Thoa alijibu bila kuinua macho. "Nikuongezee karanga?"

Akamfungia wali wa watu wawili. Luboš akaondoka na kifurushi chake akiwa amechanganyikiwa maradufu.

Wiki ya tano, akiwa juu ya ngazi, aliona teksi imesimama kichochoroni na Vinh akimshika Hạnh kiunoni, akimwingiza polepole, mama mkwe nyuma na mto. Hakuna aliyemwambia neno. Kutoka kwa muuza chai wa jirani ndipo aliposikia kwamba Hạnh amelazwa, ameanza kutokwa damu, na daktari kamkataza hata kukaa.

Kazini alikuwa na msaidizi wake, Quân, kijana wa miaka thelathini, baba wa watoto watatu, asiye na subira na wageni lakini mwenye huruma nao. Siku hiyo Quân alimkuta bosi wake kasimama mbele ya pipa la hamira amesahau kilichompeleka. Akamuuliza ana nini. Luboš akamwaga yote, tangu kuku wa kuchemsha hadi teksi.

"Ngoja kwanza," Quân alisema. "Siku ile kabla yako aliingia nani?"

"Hakuna. Niliwahi."

"Uliwahi." Quân aliweka ndoo chini. "Mama yako kafa mwezi wa kumi na moja, wewe na suti ya mazishi, ukawahi."

Ndipo akamweleza, kwa hasira kidogo, kama mtu anayeeleza kwamba moto unaunguza. Anayeingia wa kwanza ndiye anayeifungulia nyumba mwaka wake. Huteuliwa mtu mapema, mwenye afya, mwenye watoto, mwenye mambo yake yaliyonyooka. Na aliyefiwa hukaa kwake mwenyewe bila kuambiwa, kwa kuwapenda wenzake. Luboš akakalia gunia la kimea. Akauliza kwa sauti ndogo: lakini mimi naishi mlemle?

Quân alijikuna kichwa. "Hapo ndipo pagumu, bosi. Mtu wa nyumbani akishuka asubuhi hajafungua mwaka wa mtu, kashuka ngazi tu. Ila wewe ngazi yako iko nje."

"Sasa mimi ni mgeni au ni wa nyumbani?"

"Usiniulize mimi. Waulize wenye nyumba."

Luboš hakuuliza. Aliogopa jibu. Badala yake alipata chumba karibu na ukumbi wa bia, na Ijumaa jioni alimngoja Bwana Khải kichochoroni, akamwambia anahama Jumatatu. Alisema huenda akiondoa mguu wake, mkosi aliouingiza utamfuata. Hakuamini mambo hayo, na wakati huohuo aliyaamini kabisa, hata mwenyewe hakujua inawezekanaje.

Bwana Khải aliwasha sigara. Alikuwa amekonda.

"Mimi nimesema wewe ni mpangaji," alisema kwa Kicheki chake cha kiwandani. "Mke wangu anasema siyo, wewe ni wa nyumbani. Wiki zote hizi hatusemezani. Nikikuchukua kwenda kusikiliza ndege, nimemkubalia. Nikikukalisha mezani, nimemkubalia. Na nikimkubalia halafu mtoto akatoka, nitamtazama vipi Vinh?"

"Ndiyo maana nahama, kaka."

Bwana Khải akaitazama ngazi ya chuma kutoka chini hadi juu. "Na ni mimi niliyeijengesha," alisema, akaingia ndani.

Jumamosi Luboš alifunga maboksi. Hayakuwa mengi. Picha ya mama yake aliiacha ya mwisho, akalala akiitazama, na alilia, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, kwa sababu ya kigoda cha plastiki.

Jumapili asubuhi alizinduliwa na mkwaruzo nyuma ya ukuta. Kitu kizito kilikuwa kinaburutwa. Kisha ufunguo ukahangaika kwenye kufuli, ukatulia, ukahangaika tena, na sauti ya Bwana Khải ikataja kufuli lile kwa matusi ya Kicheki ambayo Luboš hakuwa ameyasikia tangu utotoni. Mlango ulitikisika, ukagonga kitanda chake.

"Sogeza kitanda," Bi Thoa aliamuru kutoka ng'ambo.

Alikisogeza, maboksi nayo, akiwa na fulana na bukta. Mlango ukafunguka ukilia. Bwana Khải alikuwa ameloa jasho, na kopo la mafuta ya cherehani mkononi. Nyuma yake ilionekana ngazi ya ndani, ya saruji, yenye ndala na viatu vya watu wa nyumba vimepangwa kila kidato. Bi Thoa alipita kati bila salamu, akaenda hadi kwenye rafu, akawasha kijiti cha ubani. Alikosea mara mbili. Alikuwa anaogopa na hakujaribu kuficha.

"Mama, utusamehe kwa kelele," aliiambia picha. Kisha akamgeukia Luboš. "Kuanzia leo unapita hapa."

"Sawa, dada."

"Na siku ya mwaka mpya ulipita hapahapa. Ulishuka tu, kama Vinh anavyoshuka. Aliyetufungulia mwaka ni Đạt. Nimekwenda hospitali jana, nimemwambia Hạnh hivyo, na Hạnh amesema ni kweli, alikuona ukishuka."

Luboš alilitazama kufuli lililoanguka sakafuni, kutu ya miaka minne ikidondoka pamoja na mafuta. Akafumbua mdomo ili aulize, kama alivyozoea. Akamtazama Bwana Khải, na Bwana Khải, aliyeagiza ngazi ya nje, akatikisa kichwa kidogo sana, kumkataza asiulize.

"Nilishuka ngazi tu," Luboš alisema.

"Ndiyo," alisema Bi Thoa, akiinama kumwokotea viatu. "Tena na suti mbaya. Haya, vaa, ndege amengoja sana."