Sururu Juu ya Kaburi la Maduhu

"Siku nikifa mimi, Geita itasimama!"

Maduhu aliyasema hayo kilabuni Kalangalala, Jumapili, mbele ya watu wenye akili timamu na wengine waliokwisha kunywa. Hakuna aliyebisha. Kwanza, pombe alinunua yeye. Pili, hoja alikuwa nayo kidogo, maana ndiye aliyekuwa mpiga chuma wa mgodi. Kipande cha reli kilining'inia kwenye nguzo karibu na stoo, na Maduhu alikigonga kwa nyundo alfajiri watu waingie kazini, akakigonga tena jioni watoke. Kwa maoni yake, jua la Geita lilichomoza kwa ruhusa yake.

Alizaliwa Songwa, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka ng'ombe wenyewe wakamchoka. Aliposikia habari za dhahabu alifunga safari kwa miguu kwenda Geita, akawa anauliza njia kwa watu ambao nao hawakuijua, akatokea Ushirombo. Anayejua nchi ile anajua kwamba kupotea namna hiyo kunahitaji juhudi. Pale misheni alikuta chakula na mafundisho, akakaa mpaka vyote viwili vikamwingia, akatoka akiitwa Pantaleo. Jina hilo Geita hakulitumia mtu isipokuwa katekista, naye kwa kumkumbusha tu kwamba Jumapili kuna mahali pengine pa kwenda zaidi ya kilabu.

Mgodini alianza na sururu kama wenzake. Yeye na sururu hawakupatana. Wakubwa walipogundua kwamba masikio yake ni mazito, wakaona huyu ndiye mtu wa kukaa karibu na chuma, wakampa nyundo. Basi akawa mtu mkubwa, na majigambo yakamkuta yupo tayari.

Mwaka wa 1953 homa ikamshika, ikamwachia, ikamshika tena, safari hii haikumwachia. Alifariki Ijumaa jioni. Mkewe Mbuke, ambaye watu walimwita Mama Generosa kwa jina la binti yao, alilia kama inavyopasa mpaka alfajiri. Alfajiri chuma kikalia. Wakati uleule. Tena waliokuwa na masikio mazuri walisema kimegongwa vizuri zaidi.

Mbuke akanyamaza ghafla. "Nani huyo?"

"Mzinza mmoja, dada," akajibu jirani yake Apolonia. "Wamempa nyundo jana."

"Kwa hiyo watu wamekwenda kazini?"

"Wamekwenda. Ila wamesema wana huzuni sana."

Mbuke akajifuta uso. "Mume wangu alikuwa na maneno mengi, najua, nimelala nayo kitanda kimoja. Lakini hili aliwaambia watu hadharani. Sitakubali aitwe mwongo akiwa kaburini."

Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku. Mchana wachimbaji wakaja msibani moja kwa moja, sururu mabegani, wakakaa kuamua marehemu aenziwe vipi. Maige, mdogo wake Maduhu, alitaka ng'ombe achinjwe na pombe ipikwe, kila kitu kifuatwe kama kwao. "Mila ni mila!" alisema, na alilisema kila aliponyamaza mwingine. Bartholomeo, Msumbwa aliyebatizwa siku moja na marehemu, alitaka misa yenye kwaya. Halafu, machozi yakimlengalenga, akaapa kwamba mtoto atakayezaliwa kwake ataitwa Maduhu. Watu wakaguswa. Mke wa Bartholomeo, ambaye alikuwa na wajukuu, akamtazama kwa mshangao.

"Wabeja, ahsanteni," Mbuke akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Lakini yeye hakuomba ng'ombe wala mtoto. Alisema Geita itasimama. Jumatatu msiende kazini."

Hapo ndipo mapenzi kwa marehemu yalipoanza kutafuta kofia yake yaondoke.

"Shemeji," Maige akakohoa, "Maduhu huyu huyu ndiye angekuwa wa kwanza kutuamsha."

"Kwetu Songwa, matanga yakiwa hayajaanuliwa, jembe haligusi ardhi. Au mila imebadilika leo asubuhi?"

"Mila ni mila, shemeji. Ila mwiko ni wa jembe. Igembe, lile la kulimia. Sisi tunashika sururu. Sururu imekuja juzi na Wazungu, mwiko itautoa wapi?"

"Kweli kabisa!" wakaitikia wenzake, Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza, wote wakiwa wataalamu wa mila za Songwa kwa mpigo mmoja. Mbuke akajivutia khanga begani. Wakashukuru kwamba ameelewa, wakaenda kuchimba kaburi.

Ardhi ya pale si ya Songwa. Jembe la kwanza liligonga mwamba, likapinda kama ulimi wa mlevi. "Sogea!" Maige akapiga kelele. "Leteni sururu!" Wakavua mashati, wakaingia kazini. Haki yao wapewe: kaburi lilikuwa zuri, pembe zake zimenyooka, maana watu wale walikuwa wakichimba kila siku iendayo kwa Mungu. Katekista akamwombea Pantaleo, na watu wawili wakaulizana kwa sauti ya chini huyo ni nani.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, wakainama kuokota sururu zao.

"Shemeji Maige," Mbuke akasema. Alikuwa amesimama, Apolonia kamshika mkono. "Kaburi limechimbwa kwa kitu gani?"

"Kwa sururu, shemeji."

"Na kilichochimba kaburi hulala wapi mpaka matanga yaanuliwe?"

Maige akatazama mawingu, ambayo hayakuwapo. Kila mtu pale alijua. Hulala juu ya kaburi, na anayekibeba kabla ya siku yake amebeba kifo kwenda nacho kwake.

"Lakini shemeji, hilo ni la jembe..."

"Jembe lile pale, limepinda. Nani basi amemlaza mume wangu humo? Aliyefanya kazi ya jembe ni jembe. Wewe chukua yako, kama huna watoto."

Maige watoto alikuwa nao wengi, na mke wake alikuwa amesimama palepale akimkodolea macho. Akailaza sururu juu ya kaburi polepole, kama mtu anayeweka yai. Wenzake wakafuata.

"Mila ni mila," Bartholomeo akamnong'oneza.

"Funga mdomo wako, Msumbwa we!"

Jumatatu Mzinza akagonga chuma chake vizuri. Mitambo ikanguruma, shimo likameza watu wake kama kawaida. Lakini kikosi kizima cha kina Maige kilifika mikono mitupu. Mwenye stoo akawauliza, wakamweleza. Akaenda kumweleza bwana mkubwa, ambaye alitaka neno matanga afafanuliwe, halafu afafanuliwe tena. Saa zikapita.

Mbuke, ambaye tangu mazishi alikuwa hatoki ndani, akamtuma Apolonia akatazame.

"Wamesimama?" akamuuliza aliporudi.

Apolonia hakupenda kusema uongo, hasa wakati wa msiba. "Wamesimama, dada. Mstari mzima, mbele ya stoo. Tangu alfajiri."

"Basi," akasema Mbuke. Akavuta khanga mpaka kichwani, akalala usingizi wake wa kwanza tangu Ijumaa.

Mchana bwana mkubwa akatoa uamuzi: mila ni yao, sururu ni za mgodi, kila mtu apewe nyingine na akatwe kwenye mshahara. Sururu mpya, pamoja na mpini wake, ilikuwa shilingi sita na senti hamsini.