Mkanda Ulioshika Mwendo

Nilianza kazi Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwaka ule Wazungu wa hospitali yetu hapa Kakamega walipokuwa wakifunga masanduku kurudi kwao. Fundi Mkuu wa mikanda na viungo bandia, aliyehamishwa huku kutoka Kisumu, aliniwekea mezani mikanda miwili ya bega: mmoja wa turubai, mwingine wa ngozi.

"Hapa hatumfungi mgonjwa kitu ambacho hatujakivaa," alisema. "Kesho Bi Nekesa anarudi kwao Butere. Bega lake linachomokanga akilima. Atachukua mmoja tu. Una umbo kama lake, vaa, kisha uniandikie ukweli."

Asubuhi nilivaa ule wa turubai. Ulikuwa laini, nikausahau kabisa. Lakini nilipoinua ndoo ulipanda shingoni, bega likabaki bila cha kulishika. Mchana nikavaa wa ngozi. Ulinikata kwapani, ila bega halikusogea hata kidogo. Shida ni kwamba nilianza kutembea vingine. Bega la kushoto lilishuka, kichwa kikaelekea kulia, kama mtu anayesikia akiitwa. Nilijaribu kunyooka, nikashindwa.

Mama Wafula, mfagiaji wa wodi, aliniona kwa nyuma nikivuka ua. Ufagio wake ukasimama.

"Baba Wafula," akasema taratibu, "umerudi lini?"

Niligeuka. Aliniona uso, lakini macho yake yakarudi begani.

"Marehemu mumeo aliuvaa mkanda huo miaka miwili," Fundi alisema dirishani. "Ngozi inashikanga umbo la mtu."

"Na hatujanyoa nywele za matanga bado. Vitu vyake havijagawanywa. Utamvalishaje mtu?"

"Mkanda ni wa hospitali, mama."

"Mkanda ni wa hospitali. Mwendo ni wa nani?"

Fundi alifunga dirisha. Mimi niliogopa, nikaandika daftarini kwamba turubai ndiyo bora. Nilikuwa nimeshauvua ule wa ngozi, lakini nilifika nyumbani bega bado limeshuka.

Asubuhi iliyofuata nilitangulia kufika, nikayakata maneno yale, nikaandika ngozi. Kisha nikamtafuta Mama Wafula. Nilimwambia wazi kwamba nilikuwa nimedanganya, na kwamba Bi Nekesa akipewa turubai bega litachomoka shambani.

"Ngozi ikilowa inalegea," nikasema. "Mkanda utamkaukia Bi Nekesa mwilini, uchukue umbo lake. Lakini sitaki kuutia majini bila wewe."

Alikaza kitambaa chake kichwani, akashika upande mmoja, nami mwingine. Tukauzamisha kwenye karai. Mapovu yalipanda moja moja, kama mtu anayepumua. Tulingoja mpaka yakakoma.