Ziwa Lililoingia Bila Hodi

Juzi nilikuwa nangoja fotokopi dukani karibu na gare ya treni, hapa Kalemie. Pembeni yangu msichana wa chuo alishika kichwa mbele ya kompyuta. Alitafuta habari za tabianchi kwa kazi yake ya mwisho wa mwaka, na mashine ikamletea dubu weupe juu ya barafu.

"Hao njo wanyama wa Kalemie?" rafiki yake akacheka. "Weye, ziwa lilikufukuza mu nyumba yenu. Andika ile!"

Akaandika: kupanda kwa maji, Kalemie. Zikatoka habari mbili tatu tu. Mabega yakamshuka.

"Kwani maji inapandaka kwetu tu?" Rafiki akanyoosha kidole dirishani, kuelekea ng'ambo ya ziwa. "Ongeza Kigoma. Ongeza Uvira na Bujumbura. Ziwa ni moja."

Akaongeza. Zikaja ramani, vipimo vya maji, watu wa ng'ambo waliohama kama yeye. Akavuta kiti mbele, na hakumsikia mtu tena.

Wanafunzi wetu hupenda somo kubwa la mbali ili nao waonekane wakubwa. Huyu, ziwa liliingia kwao bila hodi. Sasa yeye njo anabisha hodi kwa ziwa lenyewe, na mlango umeanza kufunguka.