Msiba Hauandikwi Kwangu

Nyie vijana mtakaosoma haya, msicheke kwanza. Mie shule niliishia darasa la tatu, na hizi tovuti nimezijua juzi, kichwa kizima mvi. Lakini kama una biashara na unataka watu wakuone kwenye simu zao, kaa usikilize, maana sie tulikaa huko mtandaoni na hakuna aliyetuona.

Binti yangu anakodisha maturubai, viti, majamvi na masufuria makubwa. Kazi ilikuwa yangu, nikamwachia yeye alipoachika na watoto, maana hana nyingine ya kuwalishia. Zamani tulikuwa hapahapa Mtoni, lakini usoni kabisa mwa barabara, masufuria tumeyafudikiza nje, mtu akifiwa haulizi. Barabara ilipopanuliwa tukasogezwa vichochoroni. Wateja wakakatika. Maturubai yakawa ya panya.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wake mkubwa, ndiye aliyetengeneza tovuti. Akaijaza picha: maturubai meupe, maua, vitambaa vya kung'aa. Inapendeza kweli. Haikuleta hata mtu wa kuuliza bei.

"Bibi," akaniambia, "ule mtambo wa kutafutia hauna macho. Unasoma maneno. Mtu anaandika anachokitaka, nao unamletea kurasa zenye maneno hayo."

"Si uandike maneno basi?"

"Ndiyo nakuuliza. Wateja wenu wengi walikuwa kina nani?"

Nikamwambia wafiwa. Harusi siku hizi zinakimbilia ukumbini.

"Basi juu kabisa naandika: Tunakodisha turubai na majamvi ya msiba, Mtoni, Temeke."

Nikamwambia thubutu.

Kwetu msiba hautangazwi. Mama yangu mzazi alinipa kazi hii kwa sharti hilo. Ukiuandika mlangoni unauita, unakuwa umekaa unaomba watu wafe upate kula. Kibao chetu cha zamani kilisema shughuli, na kila mtu alielewa.

"Andika shughuli," nikasema.

"Aliyefiwa haandiki shughuli kwenye simu, Bibi."

"Atajua tu."

"Yeye atajua. Mtambo je?"

"Mke mwenza, usinifundishe kufiwa. Mie nimezika wangapi?"

Akacheka. Mama yake hakucheka.

Akaandika shughuli. Na alihangaika, sitamnyima haki yake. Alipunguza ukubwa wa picha ili ukurasa ufunguke upesi hata kwa mwenye bando la kubangaiza. Aliandika mtaa wetu na namba ya simu vilevile kila mahali. Akawaomba wapishi tunaofanya nao kazi watutaje kwenye kurasa zao, kwa kuwa mtambo unamwamini anayetajwa na wengine, kama mchumba anavyouliziwa kwa majirani. Siku moja akalirudia neno shughuli mpaka ukurasa ukawa kama kasuku, halafu akalifuta mwenyewe. Anasema mtambo ukiona hivyo unajua unadanganywa.

Tukatafuta pamoja, turubai la shughuli. Wakaja wapambaji wa kumbi, mmoja baada ya mwingine, sie hatumo.

"Tuko wapi?"

"Nyuma huko. Hakuna anayefika."

Ndipo akafa mzee wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Watoto wake wanaishi mikoani, mtaa hawaujui. Bado najitanda kanga niende kuhani, nasikia gari linashusha vyuma. Maturubai. Yametoka Mbezi Beach, yamepita jiji zima kuja kufungwa mbele ya mlango wetu.

Nikakaa kwenye jamvi la watu, jipya, bado linanuka duka. Binti wa marehemu akanipa shikamoo, nikampa pole, na kwa kuwa mdomo wangu haukai, nikamuuliza vitu hivi wamevipata wapi.

"Tuliandika kwenye simu turubai la msiba, Bibi, wakatokea hao. Kwani hapa karibu yapo?"

Binti yangu alikuwa pembeni yangu. Akajifunika uso kwa kanga. Wanawake wakamshika mgongo, wakidhani anamlilia marehemu.

Tuliporudi nyumbani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mama, mzee wa watu kafa. Na neno hatukuliandika."

Sharti la mama yangu huku, mwanangu kule, na mie katikati kama mtu aliyefungwa mikono.

Nikamuuliza mjukuu, "Ukiliandika leo, kesho tutaonekana?"

"Hapana, Bibi. Mpaka mtambo upite utusome upya. Wiki, miezi, sijui. Na unaweza usitupandishe kabisa."

"Nani wa kwenda kumlilia?"

"Hakuna mtu, Bibi. Hauna mlango wa kubisha."

Nikawaita wote sebuleni, mpaka wadogo. Nikawaambia: "Msiba andikeni. Lakini simu ya kazi ikae kwa mama yenu, na ikilia, neno la kwanza ni pole, kabla ya turubai, kabla ya bei. Na nitakayemkuta anaichungulia simu hiyo akingoja ilie, chakula cha nyumba hii hali."