Nilitumwa Nikajifunze Kuhusu Sumukuvu, Nikarudi Nikanyamaza

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nilijua kitu ambacho kingeokoa watu, nikakificha ili nifaidike peke yangu. Nimeshindwa kuendelea kukaa nacho moyoni.

Mimi ni mkulima wa mahindi, upande wa Busi kule Kondoa. Kijiji kilinichagua niende mjini kwenye mafunzo ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi. Tulifundishwa kuanika juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Tukaambiwa punje zenye ukungu zitupwe kabisa, kwa sababu sumu yake haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Nikakabidhiwa pia maturubai ya kijiji, tuwe tunaazimana.

Nikiwa stendi nasubiri gari la kurudi, nikapiga stori na mnunuzi mmoja kutoka Dodoma.

"Kwenu kule mahindi safi ni shida," akaniambia. "Wewe ukiwa nayo, nitakuwa nanunua kwako tu."

Maneno yale yaliniingia. Njia nzima nikawa najiuliza: wakijua wote, mimi nitabaki na nini?

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akaniuliza habari za mafunzo. Nikamwambia yalikuwa mambo ya mbolea, nitawaeleza siku nyingine. Hiyo siku nyingine haikufika. Maturubai niliyafungia stoo kwangu.

Mwaka ule mvua ilitukuta mahindi yakiwa bado nje. Mimi nilifunika yangu kwa maturubai yale. Ya wenzangu yakalowa.

Jirani yangu ni Mama Zuhura, ambaye mumewe alikuwa kibarua wa ujenzi huko Ipagala, Dodoma mjini. Alikuja kwangu na ungo wa mahindi, mengine yameshaanza kuota ukungu wa kijani.

"Baba Salma, wewe ndiye ulienda kusoma. Haya nikiyaosha si yanafaa?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini ningemjibu, angejua mafunzo hayakuwa ya mbolea, halafu habari za maturubai zingefichuka.

"Si ndivyo tunavyokula tangu utoto," nikamwambia.

Akashukuru. Jamani, alinishukuru, akaondoka na ungo wake.

Haukupita muda mrefu, mwanawe Zuhura akaanza kutapika. Tumbo likajaa, macho yakawa ya njano. Alikuwa rafiki wa binti yangu Salma, wanashinda pamoja uani. Wakamkimbiza hospitali, wakarudi na maiti. Nilishika jeneza mimi, nikaingia kaburini kumpokea.

Nyumba nyingine mbili zikapata wagonjwa wa namna hiyohiyo. Watu wakaanza kusema ni uchawi. Wakamnyooshea kidole bibi mmoja mjane anayeishi peke yake, vijana wakamchomea nyumba. Nilisimama pale natazama paa likiteketea. Hata hapo nilinyamaza. Bibi alihamia kwa binti yake, amebeba sufuria na kanga alizovaa tu.

Siku maofisa wa afya walipokuja kuchukua mahindi kupima, wakaitisha mkutano. Mmoja akatueleza kwamba wanashuku sumukuvu, kisha akashangaa. "Mbona kijiji hiki kilileta mtu kwenye mafunzo, na maturubai alipewa?"

Mwenyekiti akageuka kunitazama. Kisha watu wote.

Mama Zuhura alikuwa amekaa mbele, chini, kwenye mkeka. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Siku ile nilipokuja na ungo, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Akajifunika uso kwa mtandio. Hajawahi kunisemesha tena.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameshafunga nguo. "Zuhura amekula kwenye sahani ya mwanangu," akasema. "Mimi siwezi kulala na mtu kama wewe." Akamchukua Salma, wakaenda kwao. Mpaka leo wako huko.

Yule mnunuzi nilimpigia simu. Akanijibu kwamba amesikia huko kwetu mahindi yana sumu, haji tena, hata yangu hayataki. Nikakata simu nikacheka peke yangu kama mwehu.

Maturubai niliyabeba mwenyewe hadi ofisi ya kijiji. Siku hizi wanaanika vizuri, wanapeana zamu, wanafundishana. Wamejifunza kwa maofisa, siyo kwangu. Nilienda kwa yule bibi kumwomba radhi, nikajitolea kumjengea nyumba. Binti yake akanijibu mlangoni kwamba mama yake hataki kurudi kijijini.

Naishi Mkonze sasa, huko Dodoma, nimepanga chumba, nafanya vibarua. Hapa hakuna anayenijua.

Wewe uliyetumwa na wenzako ukajifunze kitu, au umeshikishwa kitu cha watu wote, nakuomba ukifika tu, uwaambie. Usingoje mkutano, usingoje wakuulize. Mimi niliulizwa, na mama ambaye mtoto wake alikuwa bado hai na mwenye afya, nikamjibu nilivyomjibu.